Lori la Nazi Kibondo

Mimi ndiye niliyeleta nazi Kibondo. Atakayebisha na abishe. Kabla yangu, nazi iliyofika huku ilikuja ndani ya begi la mwalimu aliyetoka likizo, au ilikaa sokoni Kasulu kwenye meza ya muuza tangawizi, imekauka maji, ukiitikisa karibu na sikio husikii kitu. Ukiivunja unakuta nyama yake imegeuka njano na inanuka kama sabuni ya zamani. Hizo sizihesabu. Nazungumzia lori zima, limetoka Lindi, limejaa viroba mpaka juu ya bodi, likaingia Kasulu kupitia Uvinza na likapanda hadi Kibondo. Lori hilo lilikuja kwa sababu yangu, na nililileta kwa sababu ya mtu mmoja.

Niliondoka Kibondo baada ya darasa la saba, nguo zangu ziko kwenye mfuko wa nailoni. Dar es Salaam niliosha vyombo kwa mama lishe wa Kariakoo. Baadaye nikapewa kazi ya kupeleka vyakula maofisini, na huko nikajifunza jambo ambalo hata yeye mwenye biashara hakuwa amelifikiria. Niliacha kungoja chakula kiive ndipo nitafute wa kukila. Asubuhi nilizunguka maofisi, nikauliza nani leo anataka nini, halafu nikarudi na kumwambia pika hiki na kile usikipike. Chakula kikaacha kulala. Wauza samaki walipoona hivyo wakaanza kunitafuta mimi, siyo bosi wangu, kwa kuwa walijua oda ziko kichwani kwangu. Jioni nilisoma. Sekondari niliimaliza kama mtahiniwa binafsi, kisha nikaingia chuo na kupata stashahada ya masoko, na ufaulu wake si wa kuaibisha. Cheti nimekitundika ofisini kwangu Kasulu mkabala na mlango, mtu akiingia akione kabla hajaniona mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi nilirudi kwa gari langu, ambalo sikulikopea.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na mtu aliyenilea, na huyo simkani. Wazazi wangu walifariki nikiwa sijaanza shule, nikachukuliwa na kaka yake baba, bwana miti wa Kibondo, na mkewe. Mkewe ndiye ninayemwita mama. Hakuwa Muha. Alikuwa muuguzi aliyepangiwa kazi huku akiwa msichana, ametokea Lindi, akiwa na sanduku la bati na mbuzi ya kukunia nazi ambayo alikuja kugundua kuwa hana pa kuitumia. Kwa miaka yote ya utoto wangu nilijua ile mbuzi ni kigoda changu. Nilikalia upande wa mbao nikishikilia ule ulimi wa chuma, nikijifanya naendesha pikipiki.

Hawakujaliwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa wa kuamshwa, wa kuogeshwa na wa kusahihishwa maneno. Kiswahili changu ni chake. Shuleni wenzangu, ambao nyumbani kwao kilisemwa Kiha tupu, walinicheka kwamba naongea kama mtangazaji wa redio. Ndiyo, niliongea hivyo, na mpaka leo naongea hivyo, na kimenifungulia milango mingi.

Baba mkubwa alipofariki tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wengi, kwa sababu alikuwa mtu wa watu, na mama alikaa ndani na kanga yake amejifunika mpaka kwenye nyusi. Baada ya arobaini nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeshahamia Kasulu na nimeanza biashara yangu ya mtandao kwa udogo: kundi la simu ambamo watu waliandika wanachotaka nami nikawatafutia. Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "mie nataka kwenda kwetu."

"Kwenu ndiyo hapa, mama."

"Hapa ni kwako. Na kwa marehemu. Mie nililetwa na barua ya serikali."

"Barua gani hiyo inayokaa miaka yote hii?"

Akacheka kwa pua. "Ilikuwa barua ya uhamisho. Hakuna aliyeniandikia ya kunirudisha."

Nilishtuka kuliko nilivyomwonyesha. Mtu mzima, magoti yanamuuma, anataka kuvuka nchi yote kutoka pembe moja hadi nyingine, kwenda kwa ndugu ambao wengine hajawaona tangu harusi yake. Hakuna sheria ya ukoo iliyomfunga. Wazee walimwambia nyumba ni yake na shamba ni lake, akae au aondoke. Aliyetaka abaki ni mimi. Nimerudi huku nikiwa na elimu na gari, na mtu wa kuyaona hayo anataka kuondoka.

Kwa hiyo nikafanya kile ninachokifahamu. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza mteja.

"Mama, unakosa nini hapa? Niambie kitu kimoja."

Akafikiri. Alichukua punje mbovu, akaitupa.

"Nazi," akasema.

Basi. Mtu akinitajia kitu, mimi sijui njia nyingine isipokuwa kukitafuta.

Nilimpigia tajiri mmoja wa nazi ambaye nilipewa namba yake na watu wa Kariakoo. Mwenyewe ni wa Lindi, ana mashamba na ana lori. Nikamweleza kwa heshima zote. Akaniambia nirudie jina la mji.

"Kibondo."

"Ni nchi hii?"

"Ni mkoa wa Kigoma, kaka yangu."

"Dada, kuna mtu hapo anataka nazi ngapi?"

Nikamtajia za mama peke yake.

"Nazi ya mtu mmoja haina nauli," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Nitafutie watu wa lori zima, nitakuja hata mwezini."

Wengi wanaoanzisha masoko ya simu hushindwa hapa, nami huwaambia kila mara. Wanakimbilia wauzaji. Wanawabembeleza, wanawapiga picha bidhaa zao, wanajaza duka ambalo halina mnunuzi, na baada ya muda muuzaji anachoka na kufunga simu. Mnunuzi naye akifika anakuta wauzaji wameshalala. Mimi huanza na wanunuzi. Mnunuzi mmoja ni kelele tu. Wakusanye wenye haja moja, waonekane kwa pamoja, uone kama muuzaji hatakuja mwenyewe na kukuita dada.

Nilimlipa kijana wa Dodoma anitengenezee programu ndogo ya simu. Ukiifungua unaona jina la kitu kinachotakiwa na chini yake mstari mtupu. Kila anayeagiza, mstari unaingia rangi ya kijani kidogo. Ukijaa, namwita muuzaji. Nilijua watu wangu: ukimwonyesha mtu chombo ambacho kimebakiza kidogo kijae, atamtafuta mwenzake aje amalizie.

Nikaanza na watumishi. Kasulu, Kibondo na Kakonko zimejaa watumishi waliopangwa kutoka mikoa mingine: walimu, madaktari, watu wa mahakama, watu wa mashirika wanaokwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta asubuhi na kurudi jioni na vumbi kwenye kope. Mimi nimekaa ugenini, najua mgeni anavyokula. Anakula kilichopo, anashukuru, halafu usiku anaota chakula cha kwao na hamwambii mtu kwa kuwa ni aibu mtu mzima mwenye mshahara kulilia mboga. Nilimkuta karani wa mahakama Kakonko, mtu wa Tanga, nikamwambia nina mpango wa nazi. Aliweka kalamu chini.

"Za kweli? Siyo ile ya unga kwenye pakiti?"

"Za kweli. Za kuvunja."

"Niandike. Na yule daktari wa Bagamoyo umemwandika? Basi mwandike, mimi ndiye ninayesema."

Mstari ukaanza kwenda. Kila mmoja alidhani anaugua peke yake. Kumbe walikuwa wengi, wanapishana sokoni kila Jumamosi wakinunua nyanya zilezile. Kundi la simu likachangamka wakati wa chakula cha mchana. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Mtwara aliandika kwamba siku nazi zikifika hatasahihisha daftari la mtu. Karani wa Tanga akamjibu kuwa watu wa Mtwara wanaitia nazi kwenye kila kitu kwa fujo, Tanga ndiko inakoheshimiwa.

"Heshima gani," mwalimu akamjibu, "na wewe mwaka mzima unakula ugali wa muhogo kimyakimya kama mfungwa?"

Nilikuwa nasoma hayo nikicheka peke yangu ofisini. Lakini mstari ulipofika katikati ulisimama. Watumishi walikuwa wamekwisha.

Nikaenda Heru Juu, kwa upande wa mama yangu mzazi, ambako nina wajomba na binamu tele. Huko huingii na jambo lako mkononi. Unasalimia. Unaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za ng'ombe ambao huna, za njia uliyopita, na wewe unauliza zote hizo kwa zamu, kila mtu na salamu yake. Nilikaa kwenye kiti cha wageni mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba, ndipo nikalifungua.

"Mjomba, nimekuja kwa ajili ya nazi."

"Ego," akasema mjomba mkubwa, yaani ndiyo. "Nazi."

"Nakusanya watu wanaozihitaji."

"Zinahitajika," akasema. Akawageukia wengine. "Si zinahitajika?"

"Zinahitajika sana," wakaitikia.

"Niwaandike?"

"Tuandike, mpwa wetu. Wote. Na wa pale ng'ambo ya bonde tuandikie, tutawaambia."

Sikuwaomba malipo ya awali. Kumdai mjomba wako malipo kabla ya kitu kufika ni kumwambia humwamini, na mimi sikwenda kuvunja undugu. Nikaondoka Heru Juu mstari umejaa mpaka mwisho. Njiani, bodaboda zikinipita na mikungu ya ndizi, nilijiona nimefanya jambo ambalo hata waliosoma shahada hawaliwezi. Nimeamsha haja mahali ilipolala.

Tajiri wa Lindi alikuja mwenyewe na lori lake. Alisema alitaka kuona kwa macho yake huo mji wa milimani ambao watu wake wameanza kula nazi. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, kofia ya kiua kichwani, sauti kubwa kuliko mwili. Kasulu watumishi walikuja na mabeseni. Karani alikuwa amepanda gari kutoka Kakonko. Alishika nazi, akaitikisa sikioni, akafumba macho.

Heru Juu nao walikuja, wote, na walilipa wote. Mtu wa kwetu akisema neno hulisimamia. Nilikuwa nasimamia ugawaji nikivimba kichwa, hadi niliporudi baada ya siku chache kuulizia hali. Mjomba mkubwa alikuwa ameitumbukiza yake kwenye majivu ya moto kama kiazi, nayo ikapasuka kwa kishindo na kumfukuza paka, ambaye hajarudi. Binamu yangu mmoja amezipanda nyuma ya choo. Mke wa mjomba mdogo alikuwa amezipanga vizuri sebuleni juu ya kitambaa, chini ya kalenda.

"Ni nzuri sana," akaniambia. "Zinakaa."

"Kwani hamzipendi?"

"Tunazipenda! Wewe ndiye umezileta."

Ndipo nilipofahamu. Huku, mtoto wa nyumbani akija na ombi, humwambii hapana usoni. Walichoagiza hakikuwa nazi. Walikuwa wameniagiza mimi. Sikuwakasirikia, ningewakasirikiaje? Ila nilijifunza kitu ambacho hakikuwa chuoni: katika kukusanya haja za watu wa kwetu, pima kwanza ipi ni njaa na ipi ni adabu. Tangu hapo malipo ya awali nayadai, hata kwa mjomba, na mjomba alipodaiwa alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

Lakini nimetangulia. Kutoka Kasulu, siku ileile ya kwanza, lori lilipanda Kibondo kwa mama.

Alikuwa ameshaisugua mbuzi kwa mchanga mpaka ulimi wake unang'aa. Tajiri alishuka, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Lindi."

"Lindi pana. Ya wapi?"

"Mchinga."

Mama akasimama na kifumbu cha kukamulia tui mkononi. "Mchinga kwa nani?"

Akamtajia babu yake. Mama akamkazia macho. "Yule mwizi wa kuku?"

Niliona haya, nikataka kuomba radhi, lakini mgeni alikuwa amejipiga paja kwa kicheko. "Huyohuyo! Na sifa hiyo kafa nayo. Mama, wewe basi ni wa ule ukoo wenu wa watu wenye midomo."

"Midomo tunayo, kuku tulikuwa nao. Nyie mlikuwa na nini?"

"Tulikuwa na mbio!"

Nilimtunza mama kwa uangalifu tangu afiwe. Nilimnunulia dawa za magoti, redio mpya, godoro. Sikuwahi kumsikia akicheka namna ile, kicheko kinachotoka tumboni na kumfanya ashike ukuta. Alikuna nazi akiwa amekaa kwenye mbuzi kama msichana, machicha yakianguka meupe kwenye sinia, akakamua tui la kwanza akalitenga, akapika mbaazi na wali, nasi tukala uani. Mgeni akamwambia amekaa huku mpaka amekuwa Muha, salamu zake hazina mwisho, na mama akamwambia afadhali salamu ndefu kuliko mkono mrefu. Walitaja watu, mitaa, kisima fulani, mwalimu fulani wa madrasa aliyekuwa na mguu mmoja. Mimi nilijiongezea wali. Nilijua nimeshinda. Nilidhani ni ile nazi.

Kwa kuwa nazi za Heru Juu hazikuwa na mzunguko wa pili, lori lingeweza kuwa limefika mara moja tu na kusahau njia. Sikukubali. Lori linalorudi tupu halirudi tena, kwa hiyo niliigeuza kazi: nikamkusanyia tajiri wateja wa maharage huko Dar es Salaam, wenye migahawa niliokuwa nawapelekea chakula zamani na waliokuwa bado wananikumbuka. Walipofika wengi wa kutosha, wakulima wa Heru Juu walikuja wenyewe na magunia yao, na safari hii hakuna aliyekuja kwa adabu. Lori likawa linakuja kila mwezi. Linashusha nazi chache za watumishi, linapakia maharage Kasulu, linapita Kibondo, linaongeza asali, na kutokea Kakonko kwenda zake. Niliwaambia watu kwenye semina moja ya wajasiriamali kwamba nimefungua barabara kwa kutumia simu. Wakanipigia makofi, na niliyastahili.

Na kila mwezi lori lilisimama kwa mama. Tajiri au dereva wake, naye wa kulekule, waliingia uani, wakatukanana kwa furaha, wakala, wakaondoka. Wakiondoka mama alikaa mlangoni hata baada ya vumbi kutua.

Siku moja nilimkuta amefungua sanduku la bati. Nguo zimekunjwa. Nilielewa, nikakaa chini kwenye sakafu kama mtoto.

"Nilikuletea ulichokitaka," nikasema.

"Umeleta, mwanangu. Hakuna mtoto aliyewahi kumfanyia mamaye hivyo."

"Sasa?"

Alikaa kitandani, akaninyooshea mkono nimsogelee.

"Nikuambie? Mie nilisema nazi kwa sababu uliniuliza kitu. Ningekutajia nini? Huku watu ni wema. Nimezalisha nusu ya mji huu. Nikipita sokoni kila mtu ananiambia shikamoo, ananiinamia, ananibebea kikapu. Marehemu ndiye peke yake aliyekuwa ananitania, na yeye tumemzika. Hapana mtu Kibondo nzima anayeweza kuniambia nyamaza wewe mwongo. Unajua kukaa hivyo kunavyochosha?"

"Mimi nitakutania."

Akatabasamu. "Jaribu."

Nilifungua mdomo. Nina maneno mengi, mtu yeyote wa Kasulu atakuambia. Nilimtazama mama yangu, mvi zake zimechanwa vizuri chini ya kanga, mikono ile iliyonifunga viatu, na sikupata hata neno moja la kumtania. Adabu aliyonifundisha mwenyewe ilinikaba.

"Unaona," akasema. Akanipangusa machozi kwa ncha ya kanga, kisha akapangusa ya kwake kwa ncha ileile.

"Ningekuletea watu," nikasema. "Natafuta watu wote wa kusini walioko mkoa huu, nawakusanya..."

"Mama wee, watu siyo viroba."

Nikasema akienda atakuta wenzake wengi wamekufa. Akasema anajua, lakini waliobaki wanamngoja, tajiri amewaambia. Nikasema njia ni ndefu. Akasema njia ni lori, nalo linajua mlango wake. Na lori hilo nani alilileta?

Aliondoka asubuhi. Ukoo mzima ulikuja kuagana, na kuagana kwa kwetu ni kama kusalimiana, hakukatiki; dereva alizima injini mara mbili. Shemeji zake walimletea unga wa muhogo, asali na jogoo, ambaye dereva alimfunga juu ya magunia ya maharage. Mama alikwenda peke yake nyuma ya nyumba kwenye migomba, akakaa huko kidogo, akarudi na udongo kwenye magoti. Tulimsukuma wanne kumpandisha mbele kwa dereva. Alikaa katikati ya dereva na mlango, miwani usoni, pochi mapajani, na dereva akamwambia, "Bibi, usiniguse gia, najua ukoo wenu." Mama akampiga kofi la bega.

Nililifuata lori kwa gari langu hadi Kakonko. Njia yote niliuona mkono wake dirishani, ukishikilia kanga isipeperuke. Kakonko walisimama kununua maji, nikashuka, nikasimama chini ya mlango wa lori, nikamshika mguu kwa sababu ndio nilioufikia.

"Rudi kazini," akasema. "Watu wanakusubiri."

Ni kweli walikuwa wananisubiri. Soko langu limekua. Baada ya nazi walikuja wa mchele wa Kyela, wakaja wa sato kutoka Mwanza na barafu zao, wakaja wa sare za shule, na sasa hivi sipigi simu kumbembeleza muuzaji yeyote. Wao ndio wanaonipigia, na wengine nawaambia wangoje. Kambini Nduta na hadi Nyarugusu wapo wanaojua jina la soko langu. Sijutii kulileta lile lori. Ningeweza kurudia, ningefanya vilevile, kwa maana mtu aliyekulea akikutajia kitu huwezi kukaa.

Mwanzoni mama alipiga simu kila Ijumaa. Alinieleza mdogo wake wa mwisho yuko hai na hana meno, na nyumba yao ya zamani imeezuliwa na kuezekwa upya, na yeye amepewa chumba cha uani chenye upepo. Baadaye alipiga mara mojamoja. Nami nilipopiga, nilimkuta ana haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka kwenye jambo.

Juzi nilipiga mchana. Nilitaka kumwambia nimelisafisha nyasi kaburi la baba mkubwa na kwamba nyumba ya Kibondo nimeipaka rangi, endapo atataka kurudi. Simu ilipokelewa na mtoto wa kike.

"Nani wewe?"

"Mimi mwanawe. Wa Kibondo."

"Aa. Bibi yuko uani na wenzie. Nimwite?"

Kabla sijajibu niliwasikia. Ilikuwa sauti ya vikongwe wengi, wote wanasema kwa pamoja. Mmoja akapaza sauti akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, jina fupi la kitoto, na mama akaitika. Mama yangu akaitika jina lile. Kisha yule mwingine akamwambia, "Nyamaza wewe, mwongo toka utotoni!" na kicheko kikalipuka, na ndani ya kicheko hicho nikakitambua cha kwake, kile cha kushika ukuta.

"Nimwite?" mtoto akauliza tena.

"Hapana," nikasema. "Mwache."

Mtoto aliiweka simu mahali, nadhani juu ya jiwe au kiti, akakimbilia kwenye kicheko, akasahau kuikata. Nami sikuikata. Nilifunga mlango wa ofisi, nikakaa nikisikiliza hadi salio likaisha.